Nyapara Aliyeupa Mpira Kisogo

Nimefanya kazi chini ya wanyapara wengi, na wengi wao nimewasahau hata sura. Huyu mmoja simsahau, kwa sababu ndiye mtu mzima pekee niliyewahi kumwona akitetemeka hadharani bila kuona haya. Alikuwa msimamizi wa genge letu la barabara pale Iringa, zamani za Mwingereza, nasi tulimwita Nyapara tu, utadhani duniani hakuna mwingine. Siku za kazi nilikuwa kibarua wake. Siku za mpira nilikuwa kipa wa timu ya Barabara, timu aliyoipenda kwa namna ambayo mpaka leo sijui niiite mapenzi au maradhi.

Barabarani alitisha. Lori likizama kwenye matope ya masika, hakusimama kando kupiga kelele kama wenzake. Aliingia mwenyewe mpaka kiunoni, akasukuma huku anatukana. Nyoka akitokea mtaroni, sisi wote tulikuwa juu ya kifusi, yeye ndiye aliyeshuka na sepetu. Bwana Injinia, Mzungu mwenye mdomo mchafu kweli kweli, alipunguza sauti akizungumza naye. Sasa mchukue mtu huyo huyo, mpeleke uwanjani Jumamosi alasiri, halafu refa apulize kipenga. Miguu inamlegea, anatafuta kitu cha kushika.

Alisimama nyuma ya goli langu, lakini hakuutazama mpira. Aliupa kisogo. Alitazama milima, mikono nyuma, shingo imekaza, na kazi ya kumwambia kinachoendelea ilikuwa yangu.

"Iko wapi?" anauliza bila kugeuka.

"Iko kwa winga wao."

"Anakuja?"

"Anakuja."

"Usiniambie anakuja! Mimi nimekuuliza iko wapi!"

Nilidaka mipira mingi huku nikijibu maswali, na wako waliosema kwamba timu yetu ilikuwa na kipa nusu, maana nusu nyingine ilikuwa kwenye mazungumzo. Kapteni wetu alimwomba ahamie upande wa pili. Alihama siku moja, akarudi kabla ya mapumziko, akasema kule anasikia kelele tu bila maana na moyo unataka kupasuka.

Mimi nilikuwa na ruhusa ya kumcheka. Yeye Mhehe, mimi Mngoni, na anayeyajua mambo ya utani ataelewa. Asiyejua nimweleze. Babu zetu walipigana vita vibaya, na walipochoka kuuana wakawaachia wajukuu ruhusa ya kutukanana bila kukasirika. Mtani anaweza kumkamata kuku wako mbele ya macho yako, na wewe ukabaki kucheka. Ukifiwa, mtani ndiye anayekuja matangani kufanya vituko. Anamwigiza marehemu alivyotembea, anausema ubahili wake na uvivu wake, mpaka wafiwa wanacheka wakiwa na machozi bado mashavuni. Msiba usio na watani, kwa watu wetu, ni msiba wa baridi.

Kwa hiyo katika genge zima ni mimi tu niliyethubutu kumwambia Nyapara kwamba ni mwoga. Nilimwambia kila Jumatatu, mbele ya vibarua, naye alinijibu kila Jumatatu kwa methali ile ile: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Kisha ananipangia kuchimba mahali penye mawe mengi kuliko pote. Huo nao ulikuwa utani.

Alikuwa mzee wa kanisa. Ulanzi, pombe ya mianzi, hakuugusa hata masika, wakati Iringa nzima ilipokuwa inanuka ulanzi. Mashabiki walipochanga wamlete mganga azike kitu chini ya mwamba wa goli, aliwafukuza kwa fimbo, akasema timu yenye wabatizwa haiwezi kulindwa na pembe ya mbuzi. Lakini huyo huyo siku ya mechi hakula chochote chenye chumvi, na njiani kwenda uwanjani hakukubali kusalimiwa na mtu aliyetoka mkono wa kushoto. Nilipomuuliza tofauti iko wapi, akanikazia macho.

"Ile ni uganga," akasema. "Hii yangu ni tahadhari."

Sasa niseme juu ya mwaka wenyewe, maana hofu yake ya miaka mingine ilikuwa mchezo tu ukilinganisha na mwaka ule. Ligi ya mji ilikuwa na madaraja mawili. Anayeshika mkia daraja la kwanza anashuka la pili, kwenye uwanja wa mteremko kule Kihesa ambako ukipiga mpira wa juu unaufuata bondeni. Sisi tulianza vizuri. Kisha winga wetu akavunjika mguu, kiungo wetu akaitwa kwao kuoa, na tukaanza kufungwa, tukazoea. Bwana Injinia akatangaza kwamba timu ikishuka hatatoa tena lori wala ruhusa, na wachezaji atawagawa kwenye kambi nyingine mpaka Mbeya huko. Hilo lilituuma sisi. Lakini Nyapara alikuwa na lake.

Mwaka ule mkewe alilazwa. Kifua. Siku hizo neno hilo lilisemwa kwa sauti ya chini, na wengi waliolazwa kwa kifua walitoka wamebebwa. Alipelekwa hospitali ya misheni kilimani, na kila jioni baada ya kazi Nyapara alipitia nyumbani, akachukua kopo la uji, akapanda nao. Hawakujaliwa mtoto. Nyumba yao ilikuwa watu wawili na kuku.

Siku moja tulikuwa tumekaa kwenye kalavati tunakula. Akaniuliza kama nimeona.

"Nimeona nini?"

"Wiki aliyolazwa tulishinda. Akapata nafuu, akaomba ugali. Tukafungwa, akatema damu. Tukatoka sare, akakaa kitako. Juzi tumefungwa tena, jana hakunitambua mpaka nimesema jina langu." Alikuwa anaongea na tonge lake, hanitazami. "Timu ikishuka, mimi najua nini itatokea. Usimwambie mtu."

Nilitaka kumcheka, ndiyo haki yangu. Nikashindwa. Nilirudi nyuma kichwani, mechi moja moja, na ilikuwa kweli. Tangu siku hiyo kila mpira uliokuja golini kwangu niliuona una uzito mwingine. Mtu anapiga shuti mimi namwona mama wa watu kitandani. Usiku wa kuamkia mechi sikulala, na mchana wa mechi mikono ilikuwa na jasho hata kwenye upepo ule wa Iringa unaokausha midomo.

Alimweleza mchungaji pia. Mchungaji akamwambia Mungu hachezi ligi. Nyapara akaitikia amina, akatoka nje, akaniambia kwamba mchungaji ni kijana bado.

Mkewe mwenyewe alikuwa mwanamke mchangamfu mwenye maneno, na kitandani alitaka kujua matokeo. Nyapara alimdanganya. Mzee wa kanisa huyo, kila tulipofungwa alipanda kilimani kusema tumetoka sare. Hakujua kwamba wauguzi walikuwa na kaka zao katika timu nyingine, na kwamba mama alikuwa anajua kila goli na aliyelifunga. Alimwacha aseme, akamuuliza tu, "Sare tena? Mna bahati ninyi."

Ikafika mechi ya mwisho. Tulihitaji sare tu, na safari hii sare ya kweli. Tulicheza na timu ya Soko, ambayo nusu yake walikuwa Wangoni wenzangu, wauza tumbaku. Wiki nzima walikuwa wanapita mbele ya nyumba ya Nyapara wakimwambia ajiandae kupokea maiti. Timu ikishuka, walisema, watakuja kuifanyia matanga hapo kwake, walie kama watani wanavyolia, na kuku wote watawala wao. Mwaka mwingine angewajibu kwa matusi mazuri. Mwaka ule alinifuata mimi.

"Mngoni, waambie ndugu zako. Kuku wachukue. Nyumba wachukue. Matanga wasifanye kwangu. Kifo haiitwagi kwa mchezo."

Nikawaambia. Wakacheka, wakadhani naye anatania. Utani una ubaya huo mmoja, kwamba mtu akikuomba kwa dhati unasikia kama kachombezo.

Siku ya mechi ilinyesha asubuhi, na mpira wa ngozi ukilowa unakuwa mzito kama gogo bichi. Nyapara alikuwa nyuma yangu, anatazama milima. Mapumziko tulikuwa hatujafungana. Kipindi cha pili upepo ukageuka, ukawa unatupiga usoni. Maswali yake yalikuwa hayakatiki. Iko wapi. Iko kati. Iko wapi. Iko kwa beki wetu. Iko wapi. Ni kona, yao. Nikasikia anavuta pumzi. Kona ikapigwa juu, nikaruka, nikaugusa kwa vidole, upepo ukausukuma nyuma yangu.

"Iko wapi?" akauliza.

Mpira ulikuwa wavuni, hatua moja kutoka kwenye visigino vyake.

"Mngoni. Iko wapi?"

Kelele za watu wa Soko zikamjibu. Hakugeuka hata hapo. Alibaki vile vile mpaka kipenga cha mwisho, na uwanja ulipoanza kuwa mtupu alinishika mkono akaniomba nimsindikize. Alitaka apitie nyumbani kuchukua uji, kisha twende kilimani wote wawili. "Peke yangu sifiki," alisema.

Tulitembea polepole. Tulipokaribia mtaa wake tukasikia vilio.

Kumbe watani walitutangulia. Walikuwa wamelifunga gogo kwa shuka, wakalilaza juu ya ngazi, wakaingia uani kwake wakiangua kilio: ametutoka, alikuwa bado mbichi, jamani ametutoka. Desturi ya pale, ukisikia kilio huulizi nani. Kuuliza mlangoni pa mfiwa ni aibu, utaonekana unapima kama inafaa kulia. Unajitwisha kuni, unachukua unga, unakwenda, ukifika unalia, na jina utalijua huko huko. Na ni nani katika mtaa ule hakujua mgonjwa wa nyumba ile yuko wapi? Wanawake wakajitwisha. Wakaja kutoka kila upande, wakaanza kulia kilio cha kweli, wengine wanajitupa chini, wanamtaja mama kwa jina.

Watani waliposikia jina hilo wakanyamaza. Wakadhani habari imetoka hospitali sasa hivi, wakati wao wanacheza. Walilitupa gogo nyuma ya nyumba, wakavua kofia, wakaanza kulia upya kwa hofu. Wanawake wakaona hata watani wanalia kweli, wasiwasi wao wa mwisho ukaisha. Hivyo kila mmoja aliamini kwa sababu mwenzake analia.

Hivyo ndivyo tulivyowakuta. Yote hayo niliyajua baadaye. Wakati ule nilijua kama alivyojua yeye. Nyapara hakuutazama umati. Alizitazama kuni zilizopangwa ukutani, furushi kwa furushi. Mama mmoja jirani akamkumbatia.

"Pole baba. Mungu ndiye mwenye mipango."

"Nilijua," akasema Nyapara. Alisema taratibu sana. "Nilimwambia huyu, nilijua."

Halafu akageuka akakimbia kuelekea kilimani. Mtu wa umri wake, na lile tumbo lake. Nikamfuata na matope yangu ya golini, na nyuma yetu mtaa mzima ukafuata, wanawake wanalia njiani, watu wa njiani wanavua kofia. Nilikimbia nikiomba njia isiishe. Niliogopa kufika.

Wagonjwa wa kifua walilazwa barazani, kwenye hewa. Mama alikuwa amekaa kitako, amejifunga blanketi, ana kikombe mkononi.

"Mbona unakimbia hivyo?" akamuuliza mumewe. "Nimeshasikia. Mmeshuka."

Nyapara alianguka magotini. Alimshika mikono, akamshika miguu juu ya blanketi, akamshika uso, alikuwa anamkagua kipande kipande. Nje ya ua umati ukafika, na vilio vikakatika kimoja kimoja kadiri walivyomwona. Mwishowe watu wakabaki wanatazamana.

"Hao wamekuja kumzika nani?" mama akauliza.

Ikabidi nijibu mimi, mtani. "Wewe, mama."

Akanitazama, akawatazama wale, halafu akaangua kicheko, akacheka mpaka kikohozi kikamshika, na muuguzi akaja mbio, na mimi nikadhani sasa ndiyo tumemuua kweli. Alipopumua akauliza, "Na kuni mmeleta?"

"Tumeleta," wakasema.

"Nani kaleta?"

Wakatajana. Ilipofika zamu ya jirani wa upande wa bonde, mama akamkatiza. "Wewe? Uliyeninyima chumvi mwaka jana? Hizo kuni zisirudi kwako. Nitazikuta."

Ua mzima ukacheka, kicheko cha watu walioponea chupuchupu. Nyapara peke yake hakucheka. Aliendelea kumshika miguu.

Mama alipona. Ilichukua muda, sindano nyingi, lakini alirudi kwa miguu yake mwenyewe na kuni akazikuta. Mtu angetegemea kwamba Nyapara angejifunza, maana timu ilishuka na mke akabaki. Wapi! Nilipomwambia hivyo akanijibu kwamba siku ile Mungu hakuwa anatazama mpira, na bahati ya namna hiyo haiji mara mbili. Akanikataza, mimi na Wangoni wote, kufanya tena mzaha wa kifo karibu na nyumba yake. Matusi mengine ruksa. Nikakubali, na Bwana Injinia akatimiza lake: timu ikavunjwa. Nyapara alihamishiwa kambi ya Mbalizi, kule Mbeya, mimi nikapelekwa kambi ya mbali upande mwingine kabisa, na muda mrefu tukawa tunasikiana kwa madereva tu.

Mara ya mwisho nilimwona Mbalizi, miaka ya hamsini ikielekea ukingoni. Nilikuwa safarini, nikashuka kwenye lori, dereva akaniambia Nyapara haendi kazini tena. Nilimkuta amekaa nje ya nyumba kwenye jua, miguu imevimba, uso umepungua mpaka macho yameonekana makubwa. Mkewe alikuwa anapepeta mahindi, mnene, na ngozi inang'aa.

"Kamwene, Mngoni," akanisalimia. "Umekuja kula?"

"Kamwene, mama. Nimekuja kuchukua kuku."

Nyapara akatabasamu. Tuliongea mambo ya barabara, nani amekufa, nani amenunua ng'ombe. Kisha akanisogezea kiti chake karibu, kwa shida.

"Wasafwa, wenyeji wa hapa, ni watu wazuri," akasema. "Watakuja. Kuni wataleta, unga wataleta, na kuimba wanaimbaga vizuri kutushinda. Lakini mtani hapa sina. Nani atanisema mimi?" Akaitazama mikono yake juu ya magoti. "Naogopa, Mngoni. Naogopa kuzikwa kimya kama mgeni."

Nikamwambia nitakuja, aniite tu.

"Barua itakukuta nimeoza. Wewe unaondoka kesho. Fanya sasa."

"Ulinikataza."

"Nilikukataza. Sasa nakuruhusu. Nataka nisikie mwenyewe."

Nikamtazama mkewe, nikitumaini ataniokoa. Akaweka ungo chini.

"Mfanyie," akasema. "Mimi walinililia nikiwa hai, na ona nilivyonenepa."

Nikasimama. Nikachukua fimbo yake iliyoegeshwa ukutani, nikatoa tumbo mbele, nikatembea mwendo wake, nikawakaripia vibarua wasiokuwepo. Nikatangaza kwamba leo tunamzika mwoga mkuu wa nyanda zote hizi za juu, mtu aliyemudu chatu akashindwa na mpira wa ngozi, bahili aliyefuga kuku mpaka wakafa kwa uzee. Mkewe akacheka akipiga mapaja. Majirani wakachungulia. Nyapara alikuwa amefumba macho, anatikisa kichwa, na nilipokosea alinisahihisha. "Sio chatu. Ilikuwa swila. Endelea."

Nikaendelea mpaka mahali ambapo mtani humpa marehemu ruhusa ya kwenda. Nikasema nenda sasa, mtani wangu, kawasumbue na huko. Machozi yakaanza kunitoka bila adabu, mbele ya majirani, na fimbo yake mkononi.

Akafumbua macho. Na ile sauti ya barabarani, ambayo nilidhani imeshakwisha, ikatoka.

"Wewe Mngoni! Nani amekutuma kulia? Kulia kuna mwenyewe."

Alimtazama mkewe, ambaye alikuwa ameacha kucheka na ameushika ukingo wa ungo kwa mikono yote miwili.

"Wewe, mtani, kazi yako ni kuchekesha," akaniambia. "Rudia."

Nikajifuta uso kwa mkono wa shati, nikatoa tumbo mbele, nikaanza upya.